Kelingi: Istilahi za Mchezo wa Barafu na Hekima ya Lokole

Curling ni mchezo wa timu mbili, kila moja ikiwa na watu wanne. Wachezaji husukuma mawe mazito ya graniti juu ya barafu, na pointi huenda kwa timu ambayo mawe yake yamekaa karibu zaidi na kitovu cha duara zilizochorwa upande wa pili. Kila mwaka vijana wenye umri wa chini ya miaka 21 hukutana kugombea ubingwa wa dunia, wa kiume kwa wao na wa kike kwa wao. Mashindano ya vijana wa kiume yalianza mwaka 1975 mjini Toronto, Kanada, na taji la kwanza likaenda Uswidi. Yale ya vijana wa kike yalianza mwaka 1988 huko Chamonix, Ufaransa.

Mtangazaji wa Isangi au Kisangani akitaka kuwasimulia wasikilizaji wake mashindano hayo, habari humfikia kwa Kifaransa. Mwenzake wa Nairobi huzipata kwa Kiingereza. Wote wawili hukwama mahali pamoja, kwa sababu Kiswahili hakina istilahi zilizozoeleka za mchezo huu. Makala hii inapendekeza istilahi hizo na kueleza sababu ya kila moja.

Kuna atakayeuliza kama Isangi ina haja nazo. Mji huu uko pale ambapo mto Lomami huingia katika mto Kongo, chini ya digrii moja kaskazini mwa Ikweta, na barafu ya huku ni ya kupozea vinywaji na kuhifadhia samaki. Lakini lugha ya watu wa nchi ya joto haikosi maneno ya baridi. Kongo ina barafu yake kwenye Milima ya Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita, mpakani na Uganda, kina urefu wa mita 5,109. Kiswahili nacho hutofautisha barafu, yaani maji yaliyoganda, na theluji inayoanguka kutoka mawinguni. Tofauti hiyo ni ya kwanza kwa mtangazaji wetu kuikumbuka, kwani curling huchezwa juu ya barafu. Theluji ikiingia njiani, mchezo umeharibika.

Waafrika nao wamekwisha kuingia mchezoni. Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kukubaliwa katika Shirikisho la Dunia la mchezo huu, mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikacheza mashindano ya dunia ya wawili wawili mjini Stavanger, Norwei. Januari 2024 vijana wa Nigeria walicheza kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya majira ya baridi huko Gangwon, Korea Kusini. Kenya, nchi ya Kiswahili, nayo imepeleka timu zake kucheza Kanada. Siku timu ya vijana wa Afrika Mashariki itakapoingia katika mashindano ya dunia, haifai tuanze kutafuta maneno siku hiyohiyo.

Kabla ya kuchagua neno ni vizuri kuchagua kanuni, na kwa kanuni hatuna haja ya kwenda mbali. Kando ya mto Kongo, kati ya Isangi na Kisangani, wanaishi Walokele, watu waliojulikana kwa kutuma habari kwa lokole, ile ngoma ya gogo lililochongwa tundu. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu, alijifunza lugha ya ngoma hiyo na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu yake. Lokole ina sauti mbili tu, moja ya juu na moja ya chini. Kwa hiyo maneno mengi yenye mpangilio mmoja wa sauti hulingana yakipigwa, na msikilizaji aliye mbali hawezi kujua ni lipi limekusudiwa. Dawa ya Walokele ilikuwa kutolipiga neno peke yake. Walilifungamanisha na maelezo yake: kitu hicho kikoje, kinafanya nini, kinakaa wapi. Aliye ng'ambo ya mto akasikia na kuelewa.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoitetea. Istilahi ieleze kazi ya kitu, ili asiyekiona akijue. Tukifasiri picha iliyofichwa ndani ya neno la kigeni, tutaikosa kazi na kubaki na picha isiyomwambia chochote msikilizaji.

Jina la mchezo wenyewe linaonyesha hatari hiyo. Wapo wanaosema neno curling limetokana na kupinda kwa jiwe. Wengine wanalinasibisha na neno la Kiskoti la mngurumo, kwa vile jiwe likipita juu ya barafu hunguruma. Wenyewe hawajakubaliana, na neno hilohilo kwa Kiingereza husemwa pia juu ya nywele zinazojikunja. Tukilifasiri jina tutakuwa tumejenga juu ya msingi ambao wenye nyumba bado wanaubishania. Isitoshe, Kiswahili kina desturi ya kupokea majina ya michezo kama yalivyo na kuyapa sauti yake: soka, tenisi, gofu, hoki, raga. Inabaki tahajia tu. Waingereza waliposema nurse sisi tulisema nesi, na skirt ikawa sketi. Kwa mwendo huohuo tunapata kelingi. Mkongomani aliyezoea matamshi ya Kifaransa naye ataitamka bila shida. Basi tuseme: kelingi inachezwa, mchezaji wa kelingi, mashindano ya kelingi.

Jina likishapatikana, vitu vya ndani vipewe Kiswahili chenyewe.

Uwanja ni ukanda wa barafu wenye urefu wa mita 45.72 na upana usiozidi mita 5. Uitwe njia. Kila upande wa njia zimechorwa duara nne, moja ndani ya nyingine, na ile ya nje ina kipenyo cha mita 3.66. Kwa Kiingereza na kwa Kifaransa eneo hilo huitwa kwa neno lenye maana ya nyumba, na hapa hatuna sababu ya kukataa, kwa kuwa wacheza bao wa pwani wana nyumba yao kwenye ubao tangu zamani. Jiwe linalogusa nyumba lina nafasi ya kuhesabiwa. Lililo nje halina. Duara ya katikati kabisa iitwe kitovu. Kipande cha mpira ambacho mchezaji hukanyaga ili kujisukuma wakati wa kuanza ni kikanyagio.

Jiwe ni jiwe, lakini si kila jiwe. Uzito wake hauzidi kilo 19.96, nalo lina mpini juu. Graniti inayosifiwa kuliko zote hutoka Ailsa Craig, kisiwa kidogo cha Uskoti. Haifyonzi maji kwa urahisi, kwa hiyo haipasuki kwa maji kuganda ndani yake. Mchezo wenyewe ni wa Waskoti wa kale: kumbukumbu za mwaka 1541 huko Paisley zinataja mashindano ya kurusha mawe juu ya barafu.

Anayeongoza timu, anayesimama kwenye nyumba na kuonyesha jiwe lielekezwe wapi, ni nahodha. Neno la Kiingereza la cheo hicho limetokana na mkuu wa chombo cha majini, na nahodha wetu alikuwa mkuu wa jahazi karne nyingi kabla ya kuwa mkuu wa timu ya mpira. Kongo wengi husema kapiteni, nao wataeleweka, lakini nahodha lipewe nafasi ya kwanza.

Sehemu moja ya mchezo, ambamo kila timu hutupa mawe manane na yote kumi na sita huelekea upande mmoja wa njia, iitwe ngwe. Kwa mkulima, ngwe ni kipande cha shamba alichopimiwa akilime mpaka kiishe. Watangazaji wa soka wamekwisha kuliazima neno hili kwa vipindi vya mchezo. Kwenye kelingi linakaa sawasawa: timu hufanya kazi kutoka upande mmoja hadi mwingine, huhesabu, kisha hugeuka na kuanza ngwe mpya. Katika ngwe moja ni timu moja tu inayoweza kupata pointi. Kila jiwe lake lililo karibu na kitovu kuliko jiwe bora la wapinzani huhesabiwa pointi moja.

Jiwe la kumi na sita ndilo lenye thamani kubwa, maana baada yake hakuna wa kujibu. Waingereza huliita nyundo. Msikilizaji wa Isangi akiambiwa kwamba Uswizi ina nyundo atadhani kuna kitu kinavunjwa. Kwa kanuni ya lokole tunalieleza kwa kazi yake: jiwe la kufungia. Timu iliyopata pointi hulipoteza katika ngwe inayofuata, na ndiyo maana nahodha mwenye jiwe la kufungia huweza kuamua kutopata pointi hata moja ili abaki nalo. Hesabu hiyo ndiyo akili ya mchezo, na bila istilahi ya wazi mtangazaji hawezi kuifikisha.

Jiwe linalotangulizwa ili kuziba njia ya wapinzani ni kinga. Linalotupwa kwa nguvu ili kuliondoa jingine ni jiwe la kung'oa. Linalotupwa taratibu ili lisimame nyumbani ni jiwe la kutua.

Maneno mawili yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu yamebeba sayansi ya mchezo. La kwanza ni vipele. Barafu ya kelingi haiachwi laini kama kioo. Kabla ya mchezo mtunzaji hunyunyiza matone ya maji, nayo huganda papo hapo na kuacha vinundu vidogo njia nzima. Jiwe nalo limebonyea chini, hivyo hukanyaga kwa ukingo mwembamba wa duara tu, juu ya vipele hivyo. Bila vipele jiwe lingeng'ang'ania barafu na kusimama mapema. Wachezaji wawili hutangulia mbele ya jiwe wakiisugua barafu kwa mifagio. Msuguano huleta joto, barafu huteleza zaidi, na jiwe hufika mbali zaidi na kwa mstari ulionyooka zaidi. Hao ni wafagiaji, na mchezo mzima huwategemea.

La pili ni mpindo. Mchezaji anapoliachia jiwe hulizungusha kidogo, nalo likikaribia kusimama huanza kuacha mstari na kupinda. Geuza bilauri ya kioo juu chini, isukume juu ya meza huku ikizunguka kwa mwendo wa saa: itapindia kushoto. Jiwe la kelingi likizungushwa vivyo hivyo hupindia kulia. Wanasayansi wamelijadili jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walieleza kwamba ukingo wa mbele wa jiwe huchora mikwaruzo midogo barafuni, na ukingo wa nyuma hufuata mikwaruzo hiyo. Wengine wanatoa maelezo tofauti, na mjadala haujafungwa. Mtangazaji mwenye neno mpindo ataweza kusema mpindo ulikuwa mkubwa au mdogo, nahodha aliukadiria vyema au aliukosea, na nusu ya hukumu ya mchezo itakuwa imesemwa.

Yanabaki maneno ya mashindano yenyewe. Mwenye miaka 20 si mvulana wala msichana tena, kwa hiyo tuseme vijana wa kiume na vijana wa kike, na jina kamili liwe Mashindano ya Dunia ya Kelingi ya Vijana. Chini yake lipo daraja la pili, ambalo mara nyingi limechezewa Lohja, Ufini. Soka imekwisha kutupa kupanda na kushuka daraja, nayo yanafaa bila kubadilishwa. Ngazi hii ya vijana ni ya kutazamwa kwa makini. Eve Muirhead wa Uskoti alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana mara nne kabla ya kuiongoza Uingereza kwenye dhahabu ya Olimpiki ya mwaka 2022.

Kelingi ina pia sheria ambayo haikuandikwa kwa faini wala kadi. Mchezaji akigusa jiwe kwa bahati mbaya hutarajiwa kusema mwenyewe, hata kama hakuna aliyeona. Timu iliyozidiwa huwapa wapinzani mkono na kukubali. Waingereza huita jambo hilo roho ya mchezo. Kwa Kiswahili ni uungwana, na hapa Kongo neno hilo lina uzito wa pekee. Kiswahili kilichofika maeneo ya Kisangani katika karne ya 19 pamoja na misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip kiliitwa Kingwana, lugha ya wangwana, yaani waungwana, na jina hilo limedumu.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili ni moja ya lugha zake nne za taifa. Haifai Wakongomani wawe wapokeaji tu wa istilahi zinazotungwa Dar es Salaam na Nairobi. Wana maneno ya mto, ya shamba na ya ngoma ya kuchangia, na vyombo vinavyosanifu lugha viyasikilize.

Istilahi hupimwa masikioni. Soma basi kwa sauti: "Ngwe ya nane, Japani wana jiwe la kufungia. Kinga mbili za Norwei zimeziba njia. Nahodha anataka jiwe la kutua, anautegemea mpindo. Limeachiwa! Wafagiaji wanafagia, linapita kando ya kinga, linapinda, linaingia nyumbani, kitovuni! Japani pointi mbili." Ikiwa aliyeko Isangi, ambaye hajawahi kuiona njia ya barafu, ameelewa nani amepata pointi na kwa ustadi gani, maneno haya yaanze kutumika.