Ulimi wa Bata, Koo la Furu

Bata anayechuja matope ukingoni mwa Ziwa Victoria pale Nyegezi, Mwanza, haoni anachokula. Mdomo umezama, maji yamevurugika, na bado anaokota mbegu na kuacha changarawe. Macho yake yamo mdomoni.

Wenye hadubini walianza kulichungulia jambo hili karne ya 19. Mwaka 1848 mtafiti aitwaye Herbst alieleza vifuko vidogo vya neva katika ndege, vilivyofunikwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu; vifuko hivyo huhisi mtikisiko. Mwaka 1869 mwingine, Grandry, akaeleza vingine vilivyomo mdomoni mwa bata: kisahani cha neva kilichobanwa kati ya seli nene. Kisha mwaka 1875 Mjerumani Friedrich Merkel akachunguza mdomo huohuo. Seli za mguso zinazoitwa kwa jina lake tunazo hata sisi, kwenye ncha za vidole.

Vifuko vya Herbst na Grandry vimo hata ulimini mwa bata. Ncha ya ulimi, upande wa chini, ni ngumu kama ukucha. Kingo zake zina vinyweleo vikakamavu kama vya brashi. Kazi yake ilielezwa vizuri mwaka 1977 na Gart Zweers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi: ulimi ni pampu. Huenda mbele na nyuma, ukivuta maji nchani na kuyatoa pembeni. Chakula hunasa kwenye vichujio vya mdomo, na brashi hukikusanya kuelekea kooni. Mwaka huohuo Herman Berkhoudt alihesabu vionjeo vya bata: karibu 400 tu, vyote kwenye taya, ulimini hakuna hata kimoja. Ulimi usioonja!

Na ni mwaka huohuo, 1977, watafiti wa Leiden, akiwemo Frans Witte, walipoanza kazi Ghuba ya Mwanza. Wao walichungulia koo la furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, lenye taya la pili: kwa mla konokono ni nene, kwa wengine ni jepesi. Swali lilikuwa lilelile la bata: kinywa kinasema nini juu ya chakula? Katikati ya miaka ya 1980 sangara wakajaa, wakawala furu, na aina nyingi za furu sasa zinaonekana kwenye chupa za makumbusho tu.

Lakini swali la kinywa na chakula bado lipo, ndiyo maana natamani hadubini irudi Nyegezi, safari hii kwa bata Misri. Yeye hachuji matope kama mwenzake. Hula nyasi za ukingoni. Brashi za ulimi wake zinashikaje jani?