Uwakili wa Mkulima: Tunachojifunza kwa Hans Nielsen Hauge

Katika sharika zetu siku hizi semina za mafanikio hazikosi watu. Vijana wanafundishwa kuweka malengo, kutunza muda, kutafuta mtaji na kuongoza wenzao. Sisi wachungaji tumegawanyika juu ya jambo hili. Baadhi yetu tunayakataa mafundisho hayo kuwa ni ya dunia. Wengine tunayapokea yote na kuyaita Injili. Historia ya kanisa la Kilutheri ina mtu anayeweza kutuepusha na makosa yote mawili.

Hans Nielsen Hauge alizaliwa mwaka 1771 kusini mashariki mwa Norway, katika familia ya wakulima. Norway wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Hauge hakusoma chuo chochote cha theolojia. Alilelewa kwa Biblia, Katekisimo ya Luther na kazi za mikono. Tarehe 5 Aprili 1796, akiwa analima shamba la baba yake huku akiimba wimbo wa kanisa, Mungu alimgusa kwa namna iliyobadili maisha yake yote. Akaanza kutembea kwa miguu nchi nzima, akihubiri toba na imani iliyo hai. Inasimuliwa kwamba hata njiani mikono yake haikukaa bure: alikuwa akifuma soksi huku akitembea.

Mkulima kama yeye alibanwa pande mbili. Sheria ya mwaka 1741 ilikataza mikutano ya kiroho isiyo na idhini ya mchungaji wa mahali. Tena biashara ilikuwa haki ya watu wa mjini wenye kibali, si ya mkulima. Katika hili la pili Hauge alifuata utaratibu: mwaka 1801 alipata kibali cha mfanyabiashara katika mji wa Bergen.

Tukitazama jinsi alivyofanya kazi, tunaona kanuni ambazo semina zetu zinazifundisha leo. Kwanza, alitazama mahitaji ya watu. Kaskazini mwa nchi kulikuwa na samaki wengi lakini nafaka haba. Akapeleka nafaka kaskazini na kurudi na samaki. Pili, hakutegemea mtaji wa mtu mmoja. Waumini waliunganisha fedha zao, wakaanzisha viwanda, kikiwamo kiwanda cha karatasi huko Eiker. Tatu, alikabidhi kazi kwa wengine. Alipoona mtu ana kipawa alimpa jukumu, awe mwanamume au mwanamke, naye akaendelea na safari. Ndiyo maana alipoondolewa kati yao, vikundi vyao havikufa.

Lakini kwake faida haikuwa ya kujikweza. Alijiona wakili wa mali ya Mungu, kama watumishi wa mfano wa talanta katika Mathayo 25. Faida ilirudi kwenye kazi, ili mwingine naye apate ajira na Neno liendelee kuhubiriwa.

Mwaka 1804 alikamatwa. Hapa sisi wachungaji hatuna budi kuinamisha vichwa, kwa maana miongoni mwa waliomshtaki walikuwamo watumishi wa kanisa lake mwenyewe. Walisema anavunja sheria, anawadharau wachungaji na anakusanya fedha za wanyonge. Mali yake ikauzwa, afya yake ikaharibika gerezani.

Mwaka 1809, vita vya Napoleon vikiwa vinaendelea, meza za Norway zilikosa chumvi kwa sababu Waingereza walikuwa wamezuia njia za bahari. Bila chumvi, samaki huoza. Serikali ikamkumbuka mfungwa wake. Hauge akatolewa gerezani ili aanzishe viwanda vya kuchemsha chumvi pwani. Akaifanya kazi ile kwa ajili ya serikali iliyomfunga, kisha akarudishwa kifungoni. Aliachiwa mwaka 1811, na hukumu ya mwisho ikatoka Desemba 1814: faini, ambayo rafiki zake walimsaidia kuilipa. Alifariki mwaka 1824 katika shamba lake la Bredtvet, akiwa na umri wa miaka 52. Katika miaka yake ya mwisho hata wachungaji na maaskofu walifika kwake kuzungumza naye. Ile sheria ya 1741 ilifutwa mwaka 1842.

Je, Hauge alifanikiwa? Kwa kipimo cha akiba na majengo, mtu aliyeuziwa mali akiwa gerezani amefilisika. Kwa kipimo cha uwakili, jibu ni jingine: watu walipata kazi, chumvi ilipatikana, na wakulima waliofundishwa kusoma, kusimamia fedha na kuongoza mikutano walianza kusikika katika nchi yao. Watatu kati ya wafuasi wake walikaa katika bunge la Eidsvoll lililoandika katiba ya Norway mwaka 1814.

Basi tusiwazuie vijana wetu kujifunza kupanga, kuweka akiba na kuongoza. Bidii na hesabu safi ni ibada pia. Ila tuwafundishe swali linalotangulia malengo yote: haya ninayoyatafuta, nikiyapata, nani mwingine atashiba? Nasi viongozi tujiulize: muumini wa kawaida akija na kipawa asichokipata kwetu, tutampa nafasi, au tutamshtaki? Bwana atujalie kuwa mawakili waaminifu.