Kimo cha wiani: urefu ambao ndege huuhisi

Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, upo kwenye mwinuko wa karibu futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Ramani inasema hivyo, na mwinuko huo haubadiliki asubuhi wala jioni. Lakini saa nane mchana, joto likifika nyuzi 27, ndege ndogo iliyoegeshwa pale imezungukwa na hewa ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye futi 8,300 hivi, juu zaidi ya Iten wanakofanyia mazoezi wakimbiaji. Magurudumu yake hayajatoka ardhini, ila injini, rafadha na mabawa yake vitafanya kazi kana kwamba ndege imekwisha kupanda futi 2,800. Urefu huo wa pili, ambao ndege huuhisi ingawa hakuna mlima wowote unaouonyesha, ndio unaoitwa kimo cha wiani.

Ili kuuelewa tuanze na angahewa sanifu. Wahandisi wa ndege duniani kote wamekubaliana juu ya hewa moja ya kufanyia hesabu: kwenye usawa wa bahari ina joto la nyuzi 15 za Selsiasi, kanieneo ya hektopaskali 1013.25, na wiani wa kilo 1.225 kwa kila mita moja ya ujazo. Kila unapopanda futi 1,000, joto lake hupungua kwa nyuzi mbili hivi, na wiani hupungua pia. Kwa hiyo kila kiasi cha wiani kina kimo chake katika angahewa hiyo ya mezani. Ukiijua hewa iliyopo mbele ya pua ya ndege yako leo, unaweza kuuliza: katika angahewa sanifu, hewa nyepesi kiasi hiki ingekuwa kwenye futi ngapi? Jibu la swali hilo ni kimo cha wiani.

Mambo matatu huipandisha namba hiyo. La kwanza ni mwinuko wa mahali pamoja na kanieneo ya siku hiyo. La pili ni joto, kwa kuwa hewa ikipata moto hutanuka, na mita moja ya ujazo hubaki na hewa kidogo zaidi. La tatu ni unyevu. Wengi hudhani hewa yenye unyevu ni nzito, kwa sababu mwilini tunaihisi nzito. Ukweli ni kinyume: molekuli ya maji ni nyepesi kuliko molekuli za naitrojeni na oksijeni, kwa hiyo mvuke unapochukua nafasi ya hewa kavu, mchanganyiko wote hupungua uzito. Athari ya unyevu ni ndogo kuliko ya joto, lakini mwenye ndege wa Pwani hana sababu ya kuisahau.

Hesabu yake ya haraka haihitaji kompyuta. Kila nyuzi moja ya joto inayozidi kiwango sanifu cha mahali pale huongeza takribani futi 120. Wilson, kwenye futi 5,500, kiwango sanifu ni nyuzi 4. Siku ya nyuzi 27 ina ziada ya nyuzi 23. Zidisha kwa 120, upate futi 2,760. Jumlisha na 5,500, ukiwa umechukulia kanieneo ni ya wastani, upate karibu 8,300. Alfajiri ya nyuzi 15 katika uwanja uleule hutoa 6,800. Hata Dar es Salaam, palipo karibu na usawa wa bahari, mchana wa nyuzi 32 huifanya ndege ihisi ipo zaidi ya futi 2,000 juu.

Sasa tutazame namba hizo zinavyoigusa mashine yenyewe. Cessna 172S, ndege ya viti vinne inayopendwa na vyuo vya urubani na wamiliki binafsi, ina injini ya nguvu farasi 180. Injini hiyo haina turbo; huvuta hewa iliyopo. Kwenye futi 8,300 za wiani, hewa imebaki na asilimia 78 tu ya wiani wa usawa wa bahari, na injini hupoteza karibu robo ya nguvu zake hata ikiwa mpya kabisa. Rafadha nayo husukuma hewa kidogo kwa kila mzunguko. Bawa linataka kani ileile ya kunyanyua, kwa sababu uzito wa ndege haujapungua, na njia ya kuipata katika hewa nyepesi ni kwenda kasi zaidi. Rubani aliyezoea kuinua pua kwenye kasi ya kilomita 102 kwa saa ataiona kasi hiyohiyo kwenye kipima kasi chake, lakini kasi halisi ya magurudumu juu ya lami itakuwa imefika kama kilomita 115. Nguvu zimepungua na kasi inayotakiwa imeongezeka, hivyo njia ya kurukia huliwa kutoka pande zote mbili.

Mwongozo wa ndege hiyo unasema kwamba, ikiwa na uzito wa juu kabisa, kwenye usawa wa bahari na joto sanifu, inahitaji futi 960 za kukimbia ardhini na jumla ya futi 1,630 kuvuka kizuizi cha futi 50. Hupanda futi 730 kwa dakika. Mchana wa Nairobi tuliouzungumzia, kupanda huko hushuka hadi karibu nusu, na umbali wa kuruka hurefuka sana. Kwenye nyasi kavu, mwongozo unataka uongeze asilimia 15 ya umbali wa kukimbia ardhini. Viwanja vya Maasai Mara, vingi vikiwa vya changarawe au nyasi kwenye futi 5,000 na zaidi, havimsamehi anayeruka kwa namba za usawa wa bahari.

Je, istilahi hii tuiiteje kwa Kiswahili? Wapo watakaosema mwinuko wa msongamano. Msongamano ni neno zuri kwa watu na magari, lakini katika mazungumzo ya anga msikilizaji atafikiria ndege nyingi zilizobanana. Uzito wa hewa nao utachanganywa na uzito wa abiria na mizigo, jambo ambalo rubani analihesabu kwenye karatasi nyingine. Densiti ipo katika masomo ya fizikia na inaeleweka, ila wiani husema jambo lilelile kwa neno fupi zaidi: kiasi cha kitu kilichomo katika nafasi fulani.

Kuhusu nusu ya kwanza ya istilahi, napendekeza mwinuko ubaki wa ardhi, uwe wa uwanja, kilima au mji, na kimo kiwe cha ndege. Tofauti hiyo ina faida kubwa. Inatupa jozi iliyokamilika: kimo cha kanieneo, ambacho rubani hukisoma akiweka altimeta, yaani kipima kimo, kwenye hektopaskali 1013, na kimo cha wiani, ambacho hukipata baada ya kusahihisha cha kwanza kwa joto. Mwanafunzi anayejifunza majina hayo pamoja huona mara moja kwamba kimoja huzaliwa kutokana na kingine.

Kwa mwenye ndege, jina hili si pambo la darasani. Mtu anayenunua ndege yake ya kwanza Mombasa na kuihamishia Nanyuki anaweza kudhani injini imeugua: haina nguvu, inatetemeka, plugi zinafanya masizi. Ataipeleka kwa fundi, fundi apime mgandamizo wa silinda na kukuta zote nzima. Mara nyingi tatizo ni mafuta mengi kwa hewa kidogo. Hewa ikiwa nyepesi, mkono wa mchanganyiko wa mafuta na hewa hurudishwa nyuma kwa kufuata maelekezo ya mwongozo, kabla ya kuruka, ili injini ipate mafuta yanayolingana na hewa yake. Hata ukifanya hivyo, nguvu za usawa wa bahari hazirudi. Unazipata tu zile zilizobaki. Turbo huweza kuirudishia injini nguvu zake, lakini bawa halina turbo, na kasi halisi ya kuruka na kutua itabaki kubwa.

Tiba nyingine ziko mikononi mwa rubani. Aruke asubuhi, hewa ikiwa bado baridi. Apunguze uzito: lita 60 za petroli ya ndege zikibaki kwenye pipa ni kilo 43 zisizobebwa. Asome jedwali la umbali kwa kimo na joto la siku hiyo, aongeze akiba, kisha aamue mahali kwenye njia ambapo, kama kasi haijatosha, atavuta nguvu nyuma na kusimama. Uamuzi huo hufanywa kabla injini haijawashwa, kwa kuwa katikati ya njia ya kurukia hakuna muda wa kufanya hesabu.

Vyuo vyetu vya urubani vina wanafunzi wanaowaza kwa Kiswahili huku wakifundishwa kwa Kiingereza, na dhana inayopatikana katika lugha moja tu huwa rahisi kusahaulika. Kwa hiyo kamusi ya usafiri wa anga iiandike hivi: kimo cha wiani, kimo katika angahewa sanifu ambako wiani wa hewa ni sawa na ule uliopo mahali ilipo ndege. Na chini ya maana hiyo uwekwe mfano wa uwanja wa Wilson saa nane mchana, pamoja na hesabu yake yote.