Wanawake wa Hessle Road

Katika mji wa Hull, ulio kando ya mto Humber upande wa mashariki wa Uingereza, ilikuwa ada kongwe kwamba mke wa mvuvi asimsindikize mumewe hadi gatini, wala asifue nguo siku ya meli kung'oa nanga, kwa itikadi kwamba maji ya kufulia yangemchukua mwenziwe hadi kilindini. Na kwa kuwa gati lilihesabiwa kuwa mahali pa wanaume, salama ya safari nayo ikawa shauri la wenye meli na manahodha wao.

Manahodha hao walikwenda kukokota nyavu katika bahari za Iceland na kaskazini zaidi, nao, kwa sababu ujira wao ulitegemea thamani ya samaki, na aliyerudi na shehena haba hakuwa na hakika ya kukabidhiwa chombo tena, walivua katika tufani ambayo baharia mwingine angeikimbia, na wengine wakanyamaza makusudi katika simu ya upepo ili wenzao wasijue samaki wako wapi. Hatari iliyohofiwa kupita zote ilikuwa barafu: rasharasha za mawimbi ziligandia milingoti, kamba na kuta za sitaha, na mabaharia wakakesha wakiipasua kwa mashoka, kwani ikizidiana juu meli hupoteza mizani na kupinduka, hata iwe nzima haina ufa.

Tarehe 10 Januari 1968 meli ya uvuvi St Romanus iliondoka Hull pasipo fundi wa simu ya upepo. Muda mfupi baadaye haikusikika tena, lakini taarifa ya hatari haikutolewa hadi tarehe 26, na siku hiyohiyo Kingston Peridot, iliyokuwa ikipambana na barafu kaskazini ya Iceland, ikasikika kwa mara ya mwisho. Usiku wa tarehe 4 Februari Ross Cleveland, iliyokuwa imejificha katika ghuba ya Ísafjarðardjúp kungoja dhoruba ipite, ikalala ubavu na kuzama, naye nahodha akiwaaga jamaa zao kwa simu. Katika watu wake akasalimika mmoja tu, Harry Eddom. Jumla ya waliokufa katika meli hizo tatu ni 58.

Kabla ya msiba huo wa tatu, Lillian Bilocca, mke wa baharia wa Kimalta na mama wa kijana mvuvi, aliyekuwa akifanya kazi ya kutayarisha samaki, alikuwa amekwisha kuandaa arzuhali iliyopata saini 10,000. Aliwaongoza wanawake wa mtaa wa Hessle Road hadi gatini kwenyewe, na ilipotaka kuondoka meli iliyosemekana haina fundi wa simu, alijaribu kuirukia, polisi wakamzuia. Tarehe 6 Februari yeye na wenzake walionana na mawaziri London, na masharti 88 yakakubaliwa, yakiwamo fundi wa simu katika kila meli, taarifa bora za hali ya hewa na meli ya kuwahudumia wavuvi huko mbali. Nami hustaajabia wepesi wa kuridhiwa kwa masharti hayo kuliko wingi wake, maana palihitajika maiti 58 na wanawake wachache wasiokuwa na cheo ili lipatikane jambo ambalo karani yeyote wa bandari angaliweza kulipendekeza.

Majira ya baridi yaliyofuata, Orsino ilipelekwa Iceland kuwa meli hiyo ya huduma, na mwaka 1969 halmashauri ya Sir Deric Holland-Martin ikatoa ripoti iliyoeneza mageuzi katika uvuvi wote wa Kiingereza. Bibi Bilocca kwa upande wake alipata barua za matusi na vitisho vya kuuawa, baadhi zikitoka kwa watu waliodai kwamba mwanamke hana haki ya kusema juu ya bahari. Akafukuzwa kazi, na hata alipofariki mwaka 1988 hakuwa amepata tena kazi katika biashara ya samaki ya mji huo.