Birere: karatasi ya munganga inasema nini? Mambo ya kujua mbele ya kumeza dawa

Mgonjwa anatoka kituo cha afya na karatasi mkononi. Juu yake kumeandikwa: «1 co x 3/j, 5 j». Maana yake ni kidonge 1, mara 3 kwa siku, kwa siku 5. Lakini ambaye hakuelezwa anaweza kumeza vidonge 3 kwa mara moja, ao kuacha dawa siku ya pili kwa sababu homa imeshuka. Kuelewa habari za afya na kuzitumia vizuri ni sehemu ya matunzo yenyewe. Na si jambo la wasiosoma tu: hata mwenye diplome anaweza kukosea.

Kwa nini ni vigumu

Birere iko karibu na mpaka wa Rwanda, upande wa Petite Barrière. Nyumba zimebanana, biashara ni nyingi, na watu wanasema Kiswahili, Kinyarwanda, Kinande, Mashi ao Kihavu. Karatasi ya dawa, yenyewe, inaandikwa kwa Kifaransa na kwa kifupi: «co» ni kidonge, «càc» ni kijiko kidogo cha kahawa, «j» ni siku. Tena, asiyekuwa na pesa ya kutosha ananunua vidonge vichache kwenye famasi, na dozi inabaki nusu.

Malaria: dawa ya jirani si yako

Dawa ya artemeta-lumefantrini inaonyesha hatari hiyo. Kwa mtu wa kilo 35 kwenda juu, vidonge vya 20/120 ni 4 asubuhi na 4 jioni, siku 3: jumla 24. Vile vya 80/480 ni 1 asubuhi na 1 jioni, siku 3: jumla 6. Dawa ni ile ile, nguvu si sawa. Anayefuata hesabu ya jirani anaweza kumeza mara nne kupita kipimo, ao robo yake tu. Inafaa kuimeza pamoja na chakula, na kumaliza siku zote 3 hata kama mwili umepata nafuu.

Kuhara: pakiti nzima, lita nzima

Goma inajua kipindupindu. Pakiti ya SRO ya lita 1 inachanganywa yote katika lita 1 ya maji safi. Kuigawa kidogo kidogo ndani ya vikombe kunaharibu kipimo, na maji yakipunguka, chumvi inakuwa nyingi sana kwa mtoto. Chupa ya Primus haifiki lita 1, kwa hiyo isitumiwe kama kipimo. Maji yaliyobaki kisha saa 24 yanamwagwa.

Uliza, kisha rudilia

Mbele ya kutoka, uliza bila haya: «Munganga, niko na ugonjwa gani? Hii dawa nitakunywa ngapi, saa ngapi, siku ngapi? Ni nini itanirudisha hapa haraka?» Kisha rudilia kwa maneno yako, kwa luga yako, yale umesikia. Kama umekosea, muuguzi atakusahihisha palepale. Muuguzi pia anaweza kuomba mgonjwa arudilie, swali la «Umeelewa?» peke yake halitoshi, maana wengi wanajibu «ndiyo» kwa heshima. Asiyesoma aombe achorewe jua kwa asubuhi na mwezi kwa usiku juu ya boksi ya dawa.

Usingojee dozi iishe

Mtoto ambaye hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, anashikwa na degedege, ao amelegea na haamuki vizuri, arudishwe kituoni mara moja, hata usiku, hata kama vidonge vingali.

Wahamasishaji wa jamii, wale tunaita RECO, wanapita katika mitaa. Karatasi ambayo haieleweki, uwaonyeshe, ao urudi nayo kituoni. Kurudi kuuliza si aibu.