Beringi za habu ya baiskeli ya milimani: soma namba, pima, ndipo ununue

Gurudumu la baiskeli ya milimani likianza kucheza kushoto na kulia, wengi hukimbilia kukaza spoki au kuhangaika na breki. Mara nyingi ugonjwa uko katikati, ndani ya habu: beringi zimekwisha. Kuzibadilisha siyo kazi ngumu. Ugumu uko dukani, maana beringi mbili zinaweza kuwa na tundu la kati sawa kabisa, lakini moja ikaingia vizuri na nyingine ikakuharibia habu.

Na hapo ndipo hasara ilipo. Beringi ni spea ndogo. Habu ikishatanuka pale beringi inapokaa, hakuna beringi itakayobana tena. Unabadilisha habu nzima, na spoki zote zinafunguliwa na kufungwa upya.

Kwanza hakikisha ni beringi

Shika tairi kwa juu, sukuma na kuvuta kuelekea kwenye fremu. Likicheza, kaza ekseli kisha jaribu tena. Likiendelea kucheza, toa gurudumu, ingiza kidole kwenye habu na uzungushe ringi ya ndani ya beringi taratibu. Nzima huzunguka laini. Iliyokwisha husuasua, au inahisi kama ina mchanga ndani.

Beringi iliyokauka tu, bila kukwaruza, inaweza kuokolewa: inua sili ya mpira kwa ncha ya wembe, safisha, weka grisi mpya, rudisha sili. Ikikwaruza hata baada ya kusafishwa, usibishane nayo. Badilisha.

Habu yako ni ya aina gani?

Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya gololi zilizo huru, zinazokaa kati ya kikombe na koni. Habu nyingi za Shimano zimejengwa hivi. Hapa hununui beringi nzima, unanunua gololi. Kipimo kilichozoeleka ni gololi 10 za inchi 3/16 kila upande kwa gurudumu la mbele, na gololi 9 za inchi 1/4 kila upande kwa la nyuma. Hesabu na upime za kwako kabla hujatupa. Badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na za zamani. Koni ikiwa na vishimo, gololi mpya hazitasaidia kitu, kwa hiyo koni nayo ibadilishwe.

Aina ya pili ni ya beringi nzima iliyofungwa, yenye ringi ya ndani, ringi ya nje na sili. Hii ndiyo yenye namba, na ndiyo inayochanganya watu.

Namba zinasema nini

Futa uchafu kwenye sili, washa tochi ya simu, piga picha. Utaona namba kama 6902 au 6802. Tarakimu mbili za mwisho zinataja tundu la kati: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04 unazidisha kwa 5, hivyo 04 ni milimita 20 na 05 ni 25.

Tarakimu za mwanzo zinaonyesha unene na upana, na mtego uko hapo. Angalia hizi tatu:

• 6802: tundu 15, nje 24, unene 5
• 15267: tundu 15, nje 26, unene 7
• 6902: tundu 15, nje 28, unene 7

Vipimo vyote ni milimita. Zote zina tundu la 15, lakini hakuna inayoweza kukaa mahali pa mwenzake. Ukimwambia muuzaji "nipe ya kumi na tano", unabahatisha.

Namba 6903 ni 17 kwa 30 kwa 7, na 6001 ni 12 kwa 28 kwa 8. Kwenye beringi za SKF utakuta 61902 badala ya 6902, na 61802 badala ya 6802. Vipimo ni vilevile, usikatae.

Namba ikiwa imefutika, pima kwa kalipa vitu vitatu: tundu, upana wa nje, unene. Usinunue kwa kuangalia ekseli peke yake. Ekseli ya nyuma inaweza kuwa ya milimita 12 huku beringi ikiwa na tundu la 15 au 17, kwa sababu kuna bomba jingine kati yao.

Kumbuka pia kwamba habu ya nyuma inaweza kuwa na beringi za saizi tofauti kushoto na kulia, na friwili ikawa na zake. Toa zote, piga picha kila moja mahali ilipokuwa.

Herufi za mwisho nazo zina kazi

Baada ya namba huja herufi. ZZ au 2Z maana yake ni vifuniko vya bati pande zote mbili. Vinazuia vumbi kubwa, lakini maji yanapita. Kwa baiskeli inayopita matope, hizi achana nazo.

2RS ni sili za mpira pande zote mbili zinazogusa ringi ya ndani. Ndizo za kutafuta. NTN huandika LLU, NSK huandika DDU, kwa maana hiyohiyo. LLB na VV ni za mpira pia, ila haugusi ringi. Zinazunguka kwa wepesi zaidi, lakini kinga yake dhidi ya maji ni ndogo.

C3 inamaanisha nafasi ya ndani ni kubwa kuliko kawaida, ili beringi isikabe ikibanwa ndani ya habu. Kama ya zamani iliandikwa C3, nunua C3. Kama haikuandikwa, ya kawaida inatosha.

Usilipie usichohitaji

Muuzaji anaweza kukusifia ABEC 5 au ABEC 7. Hicho ni kipimo cha usahihi wa vipimo na mzunguko, siyo cha nguvu wala cha kuzuia maji. Gurudumu la inchi 29 likienda kilomita 30 kwa saa linazunguka kama mara 220 tu kwa dakika. Beringi za ukubwa huu zimetengenezwa kuhimili maelfu. Pesa yako iende kwenye sili nzuri na grisi ya kutosha.

Beringi zenye gololi za kauri ni ghali, na kauri haishiki kutu. Lakini ringi zake kwa kawaida bado ni za chuma, na maji yakiingia ringi hizo zinaoza kama nyingine. Za chuma kisichoshika kutu zinafaa ukiendesha sana kwenye unyevu au karibu na bahari, ingawa uwezo wake wa kubeba mzigo huwa chini kidogo.

Zile zilizojazwa gololi bila kizimba cha kuzitenganisha, mara nyingi zikiandikwa MAX, zinabeba mzigo mkubwa. Mahali pake hasa ni kwenye viungo vya fremu yenye sasipensheni, vinavyocheza kidogo tu. Kwenye habu inayozunguka mfululizo, chukua ya kawaida.

Jihadhari na feki

Beringi feki zipo, na zinauzwa kwenye maboksi yanayofanana na ya kampuni kubwa. Tilia shaka maandishi yanayofutika kwa kidole, sili iliyokaa upande, au bei ya chini kupita kiasi. SKF wana programu ya simu iitwayo SKF Authenticate, ambayo unaitumia kupiga picha za beringi na kuwatumia waikague. Ukikosa uhakika, nunua kwenye duka la beringi za mashine linalojulikana. 6902 ya mashine na 6902 ya baiskeli ni kitu kimoja, mradi herufi zifanane.

Ukifika kwenye kufunga

Beringi nzuri inaweza kufa siku ya kwanza kwa kufungwa vibaya. Kanuni ni moja: inapoingia kwenye habu, sukuma ringi ya nje. Ukigonga ringi ya ndani, nguvu inapita kwenye gololi na kuacha vishimo usivyoviona. Ndiyo maana pia beringi iliyotolewa kwa kugongwa ringi ya ndani hairudishwi.

Safisha kikao chake, paka grisi kidogo, kisha tumia bolti ndefu, nati na washa mbili kuivuta taratibu. Washa iwe na upana unaokaribia ringi ya nje bila kugusa habu. Hakikisha inaingia ikiwa imenyooka. Ikianza kwenda upande, simama, itoe, anza upya. Usilazimishe kwa nyundo.

Kama kuna bomba dogo kati ya beringi mbili, lirudishe. Likisahaulika, ukikaza ekseli ringi za ndani zinavutwa zielekeane na beringi zinakaba. Ukimaliza, zungusha kwa kidole. Ikiwa nzito kuliko ilipokuwa mkononi, kuna kitu hakijakaa sawa.

Ili zidumu

Usielekeze mashine ya presha ya kuoshea magari kwenye habu, maana maji yanasukumwa kupita sili. Ndoo, sabuni na brashi vinatosha. Usipulize mafuta mepesi kwenye beringi ukidhani unailainisha, yanaweza kuyeyusha grisi iliyomo.

Kabla ya kwenda dukani, uwe na vitu vitatu: beringi ya zamani mfukoni, picha ya namba na herufi kwenye simu, na vipimo vyake vitatu. Kimoja kikikosa kufanana na unachopewa, usilipe.