Uongozi wa Chuo Kikuu: Kugeuza au Kuamuru?

Katika semina zetu za siasa swali hili huulizwa mara kwa mara: ni kiongozi wa namna gani awezaye kuleta mageuzi katika chombo cha elimu? Wengi hujibu haraka kwamba ni yule mwenye siasa safi. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yatuonyesha kwa nini halitoshi.

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Nyumba ilitolewa na Chama, bali shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Hivyo tangu kuzaliwa kwake chuo kilibeba ukinzani: kilijengwa kwa jasho la wakulima, huku kikipima ubora wake kwa kipimo cha mkoloni.

Oktoba 1966 ukinzani huo ulijitokeza barabarani. Wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa sehemu ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao mamia kati yao. Lakini hakuishia hapo. Kwa kuwa walikuwa wamelaumu mishahara minono ya wakubwa, alipunguza wake kwa asilimia 20. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, lililowawekea viongozi wenyewe miiko. Aliyedai wasomi wajitolee alianza na nafsi yake. Ndiyo maana dai lake lilikuwa na uzito.

Tarehe 1 Julai 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa, Mlimani pakawa na chuo kikuu kamili cha taifa. Ndugu Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa TANU, aliteuliwa kuwa Makamu wa Mkuu wa Chuo. Shabaha ilikuwa dhahiri: kada ashike usukani ili chuo kifuate njia ya Ujamaa.

Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao uliwakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wanafunzi waliusoma na kuuchukua kwa dhati. Julai mwaka huohuo Symonds Akivaga, kiongozi wao na raia wa Kenya, alimwandikia Makamu wa Mkuu wa Chuo barua ya wazi kuulaumu utawala. Polisi wa kutuliza ghasia waliletwa, Akivaga akachukuliwa na kurudishwa Kenya. Wenzake wakasusia masomo.

Hapa hatuna budi kujikosoa bila kuoneana haya. Wanafunzi wa 1966 waliambiwa kwamba wamejitenga na umma. Wale wa 1971 walizungumza kwa lugha ya Chama chenyewe, nao wakajibiwa kwa virungu. Kada alikuwa amewekwa juu, lakini taratibu za utawala zilibaki zilezile za kuamuru kutoka ofisini. Kubadili mtu kitini pasipo kubadili uhusiano wake na wale anaowaongoza si mageuzi. Ni umangimeza uliovaa sare mpya.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijaribu njia nyingine, kwa kutaka waombaji wafanye kazi kwanza na wapate mapendekezo ya Chama na mwajiri. Liligeuza mlango wa kuingilia chuoni, lakini halikugusa namna maamuzi yalivyofanywa ndani. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga marupurupu ya viongozi, na mamia wakafukuzwa. Mwaka 1990 serikali ilikifunga chuo. Ilipofika 1994, chini ya Profesa Matthew Luhanga, chuo kilianza mpango wa kujirekebisha chenyewe. Lugha yake ilikuwa ya mipango na usimamizi, wala si ya Ujamaa. Hata hivyo ulikubali jambo ambalo tulichelewa kulikubali, kwamba mageuzi ya chuo lazima yaguse utawala wenyewe.

Funzo kwa makada na wanafunzi ni hili. Kiongozi anayegeuza hupimwa siku anapokosolewa, tena na mdogo wake, tena kwa maneno aliyomfundisha yeye mwenyewe. Akisikiliza, siasa inakuwa mali ya wote. Akiita askari, atakuwa amewafundisha vijana kwamba siasa ni ya kukariri tu. Kila tawi la chuo na lijiulize: barua ya wazi ikija kesho, tutaijibu vipi?